Gurudumu Moja Linapozunguka Peke Yake: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua LSD

Mvua ya masika inapoanza, magari ya aina moja huletwa garajini kwetu Nakuru yakiwa yametapakaa tope hadi madirishani: Mark II, Mark X, Crown, BMW chache, Hiace za abiria na pikapu za Hilux ambazo injini huzungusha magurudumu ya nyuma tu. Kisa cha mwenye gari hubadilika kidogo sana. Alipokuwa akitoka shambani gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama feni huku la pili likisimama tuli, akavutwa na trekta, na sasa anataka afungiwe LSD, yaani difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili) ya aina inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake. Wengine huwa wamekwisha kuiona kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika kutoka Japani na wameiwekea arubuni. Sikatai kuifunga. Ninachokataa ni kuifunga kabla ya kujua gurudumu lilipotezea mshiko wapi na kwa sababu gani, kwa kuwa LSD si kifaa kimoja, na ile inayomfaa dereva wa kona za Mau Summit huweza kumwacha mwenzake wa Elburgon palepale topeni alipokwama jana.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja la maelezo ambalo hata mafundi hulirudia. Husemwa kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu zote kwenye gurudumu linaloteleza. Sivyo. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu yote mawili wakati wote. Kinachokwenda upande mmoja ni mwendo, si nguvu. Ikiwa gurudumu la kushoto limo kwenye ute wa tope na linaweza kupokea Nm 100 tu (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza, basi la kulia nalo hupata Nm 100 zile zile, hata kama limesimama juu ya mwamba mkavu ambao ungeweza kubeba mara kumi ya hizo. Gari zima linasukumwa kwa Nm 200, na hizo hazitoshi kulitoa shimoni. Kukanyaga mafuta zaidi hakuongezi kitu isipokuwa kasi ya lile gurudumu la kushoto, ambalo sasa linajichimbia kaburi.

Jua kwanza una difu gani

Magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yametumika huja na difu ya kawaida, lakini si yote, na nimewahi kuona mtu akinunua LSD kuweka mahali pa LSD. Kibati cha utambulisho cha gari, ambacho kwa Toyota nyingi kimo kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, huwa na msimbo wa ekseli, na katalogi ya vipuri itakuambia msimbo huo una maana gani. Baada ya hapo thibitisha kwa mikono. Weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma yote kwa jeki, uliegemeze gari juu ya stendi imara, weka gia huru, achia breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja. La pili likizunguka kinyume, kwa kawaida hiyo ni difu ya kawaida. Likizunguka upande ule ule kwa ukaidi, una difu ya pleti iliyo hai, yaani LSD inayoshika kwa pleti za msuguano zilizobanwa pamoja, au una difu ambayo mtu alichomelea gia zake za ndani ili zisizunguke kabisa.

Jaribio hili lina mitego miwili. Difu ya pleti iliyochakaa hujibu kama difu ya kawaida, na difu ya gia za mshazari, LSD isiyo na pleti ambayo wengi huijua kwa jina la Torsen, nayo mara nyingi hujibu hivyo hivyo ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo jibu la kinyume halitoshi kukufanya useme kwamba LSD imekufa. Kwa difu ya pleti kipimo cha haki ni kuinua gurudumu moja tu, kuacha la pili chini, gia ikiwa huru, kisha kuzungusha lile lililoinuliwa kwa spana ya kupimia nguvu na kusoma ni Nm ngapi zinazohitajika ili pleti ziachie. Linganisha na kitabu cha gari lako, si na gari la jirani.

Na hapa sina budi kuonya. Gari lenye LSD lisiwekwe gia injini ikiwaka huku gurudumu moja likiwa juu ya jeki na lingine likigusa ardhi. Lile lililo chini litapokea nguvu na gari litaruka kutoka jekini. Kwa difu ya kawaida watu wamezoea kufanya hivyo wakitafuta mlio wa beringi. Mazoea hayo yaishie hapo.

Dalili ya kwanza: gari linanasa, gurudumu moja linazunguka

Hii ndiyo dalili inayouza LSD nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Chanzo cha kwanza ni matairi. Tairi la barabara ya lami lililobaki na milimita 2 za meno hujaa udongo kwa mzunguko mmoja tu na kugeuka kuwa gurudumu laini kama chupa. Chanzo cha pili ni uzito. Pikapu tupu ina uzito mdogo sana nyuma, na wakulima wa viazi wa Molo hujua bila kufundishwa kwamba gari linalokwama likienda shambani hutoka likiwa limebeba magunia. Chanzo cha tatu ndicho difu.

Njia ya kuvitenganisha vyanzo hivi haina gharama. Gari likinasa, vuta breki ya mkono meno machache, isishike kabisa, kisha kanyaga mafuta polepole. Breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, hivyo gurudumu linaloteleza hupata kitu cha kupigana nacho. Difu ya kawaida, kwa kuwa hugawa sawa, hulazimika kulipatia la pili nguvu kama hiyo. Kama gari likisogea, umepata ushahidi kwamba gurudumu la pili lilikuwa na mshiko usiotumika na kwamba LSD ingekusaidia. Kama magurudumu yote mawili yakianza kuzunguka na gari halisogei, LSD isingefanya lolote, na pesa zako ziende kwenye matairi. Magari yenye breki ya kuegesha ya mguuni huhitaji mazoezi kidogo, na yale ya breki ya kibonyezo cha umeme hayafai kwa jaribio hili.

Mtu wa Kisumu anayepita tambarare ya Kano, upande wa Ahero na mto Nyando, ajue kwamba udongo mweusi wa huko ukilowa huteleza chini ya magurudumu yote mawili kwa pamoja. Hapo LSD huweza hata kuleta hasara. Barabara zetu za udongo hunyanyuliwa katikati ili maji yakimbilie mitaroni. Gari lenye difu ya kawaida likizungusha gurudumu moja, lile jingine linalobiringika polepole bado hulishikilia gari lisiende pembeni. Magurudumu yote mawili yakizunguka kwa wakati mmoja, hakuna kinacholishikilia, na mkia huteremka taratibu kuelekea mtaroni huku dereva akitazama. Nimelivuta gari la namna hiyo, LSD yake ikiwa mpya.

Ikiwa ushahidi umeonyesha kwamba difu ndiyo chanzo, swali linalofuata ni kama lile gurudumu linaloteleza huwa limegusa ardhi au limening'inia. Hapa ndipo uchaguzi wa aina unapoamuliwa. Difu ya gia za mshazari huzidisha kile ambacho gurudumu dhaifu linaweza kubeba. Tuseme uwiano wake ni 2.5 kwa 1: gurudumu dhaifu likibeba Nm 100, lenye mshiko laweza kupewa hadi Nm 250. Hesabu hiyo ni nzuri sana mpaka gurudumu dhaifu linapokuwa hewani, kwa maana sifuri ukiizidisha kwa 2.5 hubaki sifuri. Kwenye njia za mashamba zilizochimbwa na matrekta kati ya Njoro na Molo, ambako gari hukaa juu ya tuta na gurudumu moja likabaki likiogelea shimoni, difu hiyo nzuri ya bei kubwa hufanya kazi kama ya kawaida, isipokuwa ukiisaidia kwa ile ile breki ya mkono. Difu ya pleti haina udhaifu huo. Pleti zake hubanwa na springi tangu mwanzo, na nguvu za injini zinapoingia huzibana zaidi, hivyo hata gurudumu moja likiwa hewani la pili hupata kitu. Kwa mwenye shamba mimi humshauri ya pleti, na humweleza gharama yake papo hapo: mafuta maalumu, kubadilisha mafuta mara kwa mara, na siku moja, pleti mpya.

Iko pia difu ya silikoni, ambayo hutumia pleti zenye matundu ndani ya mafuta mazito yanayopata joto na kupinga gurudumu moja linapoukimbia mwendo wa lingine. Ni pole, haipigi kelele, lakini huchelewa: lazima gurudumu lizunguke kwanza ndipo ishike, na topeni huko kuzunguka kwa kwanza ndiko kunakochimba shimo. Mafuta yake yakichakaa au yakivuja hakuna cha kutengeneza. Nikiikuta kwenye gari la miaka mingi, huihesabu kuwa imekwisha mpaka inithibitishie vinginevyo.

Dalili ya pili: gurudumu la ndani linalia ukitoka konani

Kwenye mteremko wa Subukia, au kwenye kona za baina ya Mau Summit na Kericho ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, gari lenye injini ya nguvu hukanyagwa mafuta likitoka konani na gurudumu la ndani hulia au kutoa moshi. Uzito umehamia nje, la ndani limekuwa jepesi, lakini halijanyanyuka. Hapa ndipo pahali pa difu ya gia za mshazari. Huanza kazi papo hapo, haina pleti za kuchakaa, hutumia mafuta ya kawaida ya difu ya daraja la GL-5, na abiria hatajua kama ipo. Kwa gari la familia linalokaa lami, sijaona sababu ya kutafuta nyingine.

Iwapo gari tayari lina difu hiyo na bado gurudumu la ndani linalia, usilaumu difu kabla ya kutazama chini ya gari. Mara nyingi utakuta mwenye gari ameweka springi fupi na ngumu au fimbo nene ya kuzuia kulala kwa gari upande wa nyuma, na sasa gurudumu la ndani hunyanyuka kweli kweli konani. Tumerudi kwenye hesabu ya sifuri.

Dalili ya tatu: kuguruma na kutikisika unapokata kona kali polepole

Mzee mmoja aliniletea pikapu ya Hilux iliyokuwa ikiguruma na kupiga mishtuko kila alipoigeuza kuingia langoni kwake. Kwingineko alikuwa amekwisha kubadilishiwa beringi za magurudumu na jointi za krosi za propela. "Fundi, nimeambiwa difu imekufa," akasema, "nitafutie nyingine." Nikamjibu, "Mzee, tumwage mafuta kwanza." Pikapu ilikuwa na difu ya pleti kutoka kiwandani, na mafuta yaliyokuwa ndani yalikuwa mafuta ya difu ya kawaida, yaliyowekwa miezi michache kabla na mtu aliyedhani anamfanyia hisani.

Difu ya pleti hutegemea msuguano unaoachia kwa ulaini. Mafuta yasiyo na dawa ya kulainisha msuguano huzifanya pleti zishike, ziachie, zishike tena, mara nyingi kwa sekunde, na huo ndio mngurumo unaousikia sakafuni. Dawa yake ni kumwaga yote, kujaza mafuta yaliyoandikwa kwamba ni ya LSD, au GL-5 pamoja na kichupa cha dawa hiyo kwa kipimo kilichoandikwa, kisha kwenda kwenye uwanja ulio wazi na kuendesha gari polepole kwa umbo la tarakimu nane, mizunguko kumi hivi kila upande, ili mafuta mapya yapenye kati ya pleti. Usizidishe dawa kwa kudhani ukimya zaidi ni uzima zaidi. Ikizidi, pleti huteleza na umebaki na difu ya kawaida ya bei ghali.

Mngurumo ukibaki baada ya hapo, ziko sababu tatu zinazobaki. Pleti zimeungua na uso wake umekuwa kama kioo. Au springi za ndani zimebanwa kupita kiasi, jambo la kawaida kwa difu za mashindano zilizofungwa kwenye gari la kwenda sokoni. Au difu imechomelewa. Hii ya mwisho huitambua kwa matairi yanayopiga kelele kwenye maegesho hata kwa mwendo wa kutembea, na kwa usukani unaotaka kwenda mbele unapotaka kona. Vijana wanaopenda kulaza gari, yaani kulitelezesha mkia makusudi konani, huchomelea kwa sababu ni rahisi mno. Ekseli ndizo hulipa baadaye.

Dalili ya nne: mkia unatoroka kwenye lami yenye maji

Kabla ya yote pima matairi ya nyuma. Moja lenye meno ya milimita 8 na mwenzake wa milimita 2 hutofautiana kipenyo kwa milimita 12, hivyo LSD ya pleti hufanya kazi kila mita ya safari hata kwenye barabara iliyonyooka, hupata joto, na huwa imeshika tayari unapofika kwenye dimbwi. Matairi ya nyuma ya gari lenye LSD yabadilishwe mawili kwa pamoja, ya aina moja.

Matairi yakiwa sawa, uliza difu ya pleti ni ya njia ngapi. Ya njia moja hushika unapokanyaga mafuta tu; ya njia mbili hushika vile vile unapoachia; ya njia moja na nusu hushika kidogo wakati wa kuachia. Ya njia mbili hupendwa na wachezaji wa kulaza gari, kwa kuwa tabia yake haibadiliki mguu ukiinuka. Kwa barabara ya kawaida humfanya dereva aliyeshtuka na kuachia mafuta katikati ya kona apate asichokitarajia. Nikiombwa ya pleti kwa gari la barabarani, hufunga ya njia moja au moja na nusu.

Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikikimbizwa Naivasha katika kaunti hii yetu, maombi ya difu za njia mbili yameongezeka garajini. Huwakumbusha waombaji kwamba magari yanayoongoza mashindano hayo huendeshwa na magurudumu yote manne. Anayetaka mfano wa magurudumu ya nyuma arudi kwenye Toyota Celica Twincam Turbo iliyoshinda Safari mara 3 mfululizo, 1984 hadi 1986, halafu akumbuke waliokuwa wameshika usukani.

Milio ambayo si ya LSD

Mlio mwembamba unaopanda na mwendo, ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, ni wa krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo zinazoingiza nguvu kwenye difu, au beringi zake. Kishindo kimoja unapoingiza gia ni jointi za krosi, mipira ya difu, au nafasi iliyozidi kati ya meno. Kubadilisha difu ya ndani hakuponyi haya, ingawa fundi akifunga LSD bila kupanga upya nafasi ya meno kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia, anaweza kuyaleta yasipokuwepo.

Yanayojitokeza baada ya kufunga

Injini ikizunguka kasi kuliko awali kwenye mwendo ule ule, na kipimamwendo kikidanganya, umefungiwa difu nzima yenye uwiano tofauti. Hesabu meno kabla ya kununua: krauni ya meno 41 juu ya pinioni ya meno 10 ni 4.1, na 43 juu ya 11 ni takribani 3.9. Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga unapokanyaga breki, ikiwaka, tazama pete za meno za vihisi kwenye ekseli, kwani ekseli za difu uliyonunua huenda hazina hizo au zina idadi nyingine. Hesabu pia mifereji ya ncha ya ekseli na matundu ya boliti za krauni. Muuzaji akikuambia "itaingia tu", mwombe akuingizie mbele yako.

Difu ya pleti iliyotumika ipimwe juu ya meza: bana upande mmoja kwa jiliwa, zungusha wa pili kwa spana ya kupimia nguvu. Ikizunguka kwa mkono mtupu, bei uliyotajiwa ni ya chuma chakavu. Ya gia za mshazari ifunguliwe kifuniko na meno yatazamwe kama yamechubuka.

Difu mpya ya pleti iendeshwe kwa upole kwa kilomita 500 za mwanzo, kisha mafuta yamwagwe yakiwa moto. Utaona unga wa kijivu umejaa kwenye sumaku ya nati ya kumwagia, na huo usikutishe, kwa kuwa pleti zilikuwa zikizoeana. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, gari lisitoke garajini.